Mbona Hatukuulizwa?

Usiku wa Ramadhani hapa Majengo, Malindi, kati ya tarawehe na daku nyumba nyingi hazilali. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameketi mkekani, mgongo kwenye kochi, padi mkononi, anaimalizia gemu ya Deadlight. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikitazama. Ikafika pale Randall Wayne, aliyekuwa akimtafuta mkewe Shannon na binti yake Lydia tangu gemu inaanza, anapokumbuka kwamba hawakupotea. Aliwaua yeye, kwa mkono wake, wasije wakawa Vivuli, maana ndivyo gemu hii inavyowaita mazombi wake.

Kijana alikuwa akibonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Picha zinapita tu.

Majina ya waundaji yalipoanza kupanda kwenye skrini, aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

"Ami, mbona hatukuulizwa?"

Nilimjibu kitu kuhusu hadithi kuwa ni hadithi. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na swali lile bado linanijia nikiwa kazini, nikiwa kwenye tuktuk, nikiwa kitandani. Mwishowe niliianza gemu upya, peke yangu, polepole, nione ni wapi inamuuliza mchezaji na ni wapi inampita kama hayupo.

Ambaye hajaicheza ameshaujua mwisho. Anisamehe. Bila mwisho ule sina cha kuandika.

Mji uliohamwa

Nianze na uzuri, kwa sababu upo mwingi na ndio unaofanya kasoro ziume.

Deadlight ilitengenezwa na Tequila Works, studio ya Madrid, ikatoka mwaka 2012 kwenye Xbox 360 na baadaye kwenye kompyuta. Toleo lililofika PS4 ni Director's Cut la mwaka 2016, na ndilo tulilo nalo sisi nyumbani. Mahali ni Seattle, mwaka 1986. Mazombi yametoka wapi, ugonjwa ulianzaje, hakuna anayekueleza kwa kirefu, na hilo nalipenda. Mambo hayo tumeshayajua sote. Unaingia mjini umekuta yaliyotokea yameshatokea.

Unatazama kwa ubavu. Randall anakwenda kulia, anaruka, anapanda, anajipenyeza. Yeye mwenyewe mara nyingi ni umbo jeusi tu, giza limemfunika mbele, na nuru yote iko nyuma yake, kwenye mji. Huko nyuma ndiko waliko wachoraji. Magari yameachwa katikati ya barabara. Sebule ina kochi, ina picha ukutani, haina mtu. Hakuna anayekusimulia nani alikaa hapo. Unapita, unaona, unaendelea kukimbia, na baadaye ndipo unagundua kwamba ulichokiona kimekukaa.

Mtu wa Malindi hawezi kutazama mambo hayo bila kufikiria magofu ya Gedi.

Tangu shule ya msingi tumepelekwa kule, tukapita kati ya kuta za matumbawe zilizoshikwa na mizizi, kima wakituangalia kutoka juu. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na nyumba alizozikuta alizipa majina kwa kufuata vitu vilivyopatikana ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Kauri. Kuna Nyumba ya Pesa za Kichina. Mwenye mkasi hatumjui. Alikuwa fundi wa nguo, alikuwa bibi wa nyumba, alikuwa nani, hakuna aliyeandika. Lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na hilo moja linatosha kukushtua: huyu angalau alihesabiwa. Mengine yote ni kuta, visima na msikiti usio na paa. Kuhusu sababu ya watu kuondoka, kila anayekuongoza mle ana yake: maji ya visima kushuka, vita, maradhi. Magofu yenyewe hayamuungi mkono yeyote.

Wachoraji wa Deadlight wamelielewa jambo hilo. Mji uliohamwa unasimuliwa na kilichobaki, na aliyebaki hai hana haja ya kuuhutubia. Katika theluthi ya kwanza ya gemu hii nilisahau kabisa kwamba nacheza kitu cha mazombi. Nilikuwa natembea ndani ya huzuni ya watu nisiowajua.

Halafu kuna lile la Vivuli wenyewe. Huko nyuma, kwenye ile nuru, unaona watu wamesimama. Unadhani ni sehemu ya mchoro. Mmoja anageuza kichwa. Anaanza kutembea, na anakuja kutoka ndani ya picha kuelekea kwenye mstari wako wewe, kwenye sakafu unayoikanyaga. Gemu nyingi za kutazama kwa ubavu zimetufundisha kwamba hatari iko mbele au nyuma ya mchezaji, kulia au kushoto. Hapa mandhari nayo inaweza kukukamata. Kila nilipoingia chumba kipya nilisimama kwanza nikauchunguza ukuta wa nyuma.

Pumzi

Chini ya mstari wa uhai wa Randall kuna mstari mwingine, wa pumzi. Ukikimbia unapungua. Ukining'inia ukingoni unapungua. Ukipiga shoka unapungua sana. Ukikaribia kuisha anahema, moyo unasikika, skrini inaanza kukusumbua, na mikono yake inaachia.

Hapo ndipo gemu hii ilipo bora kuliko mahali pengine popote.

Mashujaa wengi tuliowazoea wana mwili wa mpira. Wanaruka wakitua wakiruka tena, hawachoki. Randall ana uzito. Akitua kutoka juu lazima ajiviringishe, la sivyo anaumia. Akishika ukingo unaona mabega yakivuta. Asili ya jambo hili inajulikana: Prince of Persia ya mwaka 1989, ambapo Jordan Mechner alimpiga video mdogo wake David akikimbia na kuruka, kisha akachora juu ya picha zile moja moja hadi mwana wa mfalme akatembea kama binadamu. Baada yake zikaja Another World ya Éric Chahi mwaka 1991 na Flashback mwaka 1992. Deadlight ni mjukuu wa ukoo huo, na anayejua ukoo ule ataona sura inafanana.

Sasa chukua mwili huo mzito, uweke juu ya ukingo, Vivuli watatu chini. Una pumzi ya kuning'inia kidogo tu. Risasi ni chache kiasi kwamba unaziwekea nia. Shoka litamwangusha mmoja, pengine wawili, kisha utabaki unahema huku wa tatu amekushika. Au upige kelele: Randall anaweza kuwaita makusudi, wakaja upande mmoja, na wewe ukapita upande mwingine, au wakajiendea wenyewe kwenye shimo na nyaya za umeme.

Kila mara ni swali. Upigane, ukimbie, uwadanganye? Hakuna maandishi yanayotokea na kusema chagua moja. Swali linakuja kupitia vidole na jibu linatoka kupitia vidole, ndani ya muda wa pumzi moja. Nilipoirudia gemu nikiwa na swali la mtoto kichwani, nilishangaa jinsi sehemu hii ya kwanza inavyouliza. Inauliza bila kuchoka. Tena inaheshimu jibu: aliyechagua kukimbia hakosi chochote, wala aliyechagua kupigana hapewi zawadi ya kumshawishi aendelee kukata vichwa. Randall si askari. Ni mlinzi wa hifadhi aliyetoka Canada kuja kutafuta watu wake, na mwili aliopewa na gemu unalingana na hilo.

Mzee wa chini ya ardhi

Kisha unaingia kwenye mitaro ya maji machafu, na huko kuna mzee anaitwa the Rat, aliyejitengenezea himaya ya mitego.

Sehemu hii imewagawa wachezaji tangu siku ya kwanza. Vivuli karibu wanatoweka. Badala yake kuna miiba, vitu vizito vinavyoanguka, swichi, milango inayofunga kwa muda. Mtu anayetaka mazombi anahisi ameuziwa kitu kingine. Mimi nasimama katikati. Mafumbo yenyewe yana akili, na mzee ndiye mtu pekee katika gemu nzima ambaye nilitamani kukaa naye zaidi. Ila mji umepotea. Ule mji wa nyuma, wenye nuru na makochi na picha za ukutani, umebadilishwa na kuta za mashine, na mashine haina mwenyewe aliyekufa.

Pia huko ndiko gemu inapoanza kukuua ili ikufundishe. Hujui kwamba sakafu inafunguka mpaka imefunguka. Unakufa, unaanza tena karibu na pale, unaruka mapema. Ni mtindo wa zamani na wapo wanaoupenda. Mimi siupendi hapa, kwa sababu unaharibu kile kilichojengwa na pumzi. Pumzi ilinipa uamuzi. Mtego uliofichwa unanipa kumbukumbu tu.

Helikopta

Kadiri hadithi inavyosonga, New Law, kundi la wenye silaha waliojitwalia utawala, wanachukua nafasi ya adui. Wana helikopta. Kuna mkimbio ambapo helikopta inapiga risasi na wewe unakimbia, unaruka, unapasua, jengo linakatika miguuni, na skrini imejaa vumbi na cheche kiasi kwamba yule Randall mweusi, aliyekuwa uzuri wa gemu, sasa humuoni.

Ni kama kupita vichochoro vya mtaa mgeni stima imepotea: utafika ukishajigonga kila kona.

Sitakaa hapa sana. Aliyecheza anajua. Weusi wa mbele na nuru ya nyuma vilifanya kazi nilipokuwa na muda wa kutazama. Ukiondoa muda, uzuri ule ule unageuka kikwazo. Na ukimpa mtu yule mwenye mabega yanayovuta kazi ya kukimbia bila kusita, unaanza kuuchukia uzito wake, kile ulichokuwa ukikipenda. Anachelewa kushika, anachelewa kuruka, na kila kuchelewa ni kifo. Kupigana na watu wenye bunduki nako ni vivyo hivyo. Mwili huu haukutengenezwa kwa ajili hiyo.

Sauti

Na Randall anaongea.

Sauti yake ni nzito, ya mkwaruzo, na inasimulia. Mji ukikuonyesha jambo, yeye analitaja. Kuna kurasa za shajara yake za kuokota, nyingi, na zinaeleza yaliyomo moyoni mwake kwa maneno ambayo mwili wake ulishayasema kwa ufasaha zaidi juu ya ukingo ule. Kati ya hatua na hatua kuna picha za kuchorwa mfano wa katuni za magazeti, zenye wino mzuri sana, na maneno yanayobebesha picha mzigo usiokuwa wake.

Niliizima sauti ya mazungumzo kwenye marudio yangu ya pili, nikabaki na maandishi, upepo na muziki. Gemu ikapanda.

Hapa nataka kuwa wa haki. Kuandikia gemu maneno ni kazi ngumu, na studio hii ilikuwa changa. Deadlight ndiyo ilikuwa gemu yao ya kwanza kubwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, walitoa RiME, ambamo mtoto anatembea kisiwani na hakuna mtu anayesema neno lolote, na msiba uliomo, msiba wa bahari, unakufikia mzima. Kwa watu wa pwani kama sisi, ambao kila familia ina jina la mtu asiyerudi kutoka baharini, gemu ile inagusa pabaya. Nadhani walijisikiliza. Inaniuma kwamba studio yenyewe iliingia katika ufilisi mwishoni mwa mwaka 2024, kwa hivyo hatutaona wangefika wapi.

Nilivyoitetea

Sasa nirudi kwenye swali.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa naitetea gemu dhidi ya mtoto. Hoja yangu ilikuwa hii: hatukuulizwa kwa sababu Randall mwenyewe hakuwa na la kuulizwa. Amezungukwa, mlango unavunjika, mkewe na mwanawe wako mbele yake. Kitendo kimeshapita zamani. Tunachokiona ni kumbukumbu. Kumbukumbu haina padi. Na kubonyeza vitufe bila kitu kutokea, nikasema, ndiyo hali ya mtu aliyekosa njia. Basi vidole vya mtoto vilikuwa vinahisi alichohisi Randall.

Hoja nzuri. Nilimpa rafiki yangu mmoja tukiwa tunakunywa kahawa karibu na ufuo, akaikubali.

Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa nayo.

Kwanza kuna Karla. Gemu inafunguka kwa risasi: Karla ni mmoja wa kundi lao, ameumwa, na Randall anampiga. Hapo pia ni picha zinazopita. Tunaipokea kwa sababu ndiyo kwanza tumeketi, hatumjui mtu. Lakini ukishaujua mwisho unaona kwamba gemu imefunguliwa na kufungwa kwa kitendo kimoja, kumuua wako ili asigeuke, na kote kuwili mchezaji ametolewa chumbani. Hicho ndicho kiini cha hadithi yote. Yale ya katikati, kuruka, kushika, kuhema, kuwaita Vivuli shimoni, hayo tumeachiwa. Lile moja ambalo Randall atalibeba mpaka kaburini, hilo limefanywa na mtu mwingine sisi tukitazama.

Pili kuna imani zetu, na siwezi kujifanya sina. Sisi tumelelewa kwamba mtu hakati tamaa na rehema ya Mungu hata mlango ukiwa umeshavunjika, na kwamba roho ya mwanao si yako kuitoa. Siwalazimishi waandishi wa Madrid wafuate mafunzo ya madrasa yetu. Lakini kijana wa miaka kumi na kitu, aliyelelewa hivyo, amebeba mwili wa Randall kwa saa kadhaa, ameokoa mwili huo na kila shimo, halafu anaambiwa: ulichokuwa unakiokoa ni hiki. Yeye angekataa. Alitaka angalau kukataa kwake kuonekane, hata kama matokeo yangebaki yale yale.

Tatu, na hili ndilo lililonigeuza, ni kwamba hali ya kukosa njia inaweza kuwekwa mikononi. Gemu hii yenyewe imeshafanya hivyo, na mstari wa pumzi. Unaponing'inia na pumzi imekwisha, unabonyeza, unabonyeza, na mikono inaachia. Huko ni kushindwa kunakopita kwenye vidole. Wangeweza kunipa chumba kile, mlango ule, pumzi ile, wakaniacha nijaribu kila kitu na kila kitu kikatae. Ningejua kwa mwili wangu kwamba njia hazipo. Hapo ningemwelewa Randall hata nikimpinga.

Picha zilizopita zilinitaarifu tu.

Upanga alani

Kuna jambo katika Prince of Persia ambalo kila niliyekua naye akicheza kwenye kompyuta nzee ya mtu anaweza kulisimulia hadi leo.

Njiani mwana wa mfalme anaruka kupita ndani ya kioo, na kutoka kwenye kioo kile anatoka pacha wake, kivuli. Kivuli kinamsumbua kwa muda mrefu. Kinakunywa dawa aliyokuwa akiifuata, kinamfungia lango. Mwishoni wanakutana uso kwa uso, panga mkononi. Unampiga. Unaumia wewe. Unampiga tena, unaumia tena. Dakika 60 ulizopewa za gemu nzima zinazidi kuyeyuka. Hakuna sauti ya kukuambia ufanye nini, hakuna ukurasa wa shajara.

Lazima urudishe upanga alani.

Kuna kitufe cha hilo. Kilikuwapo tangu mwanzo, na hakuna mtu aliyekitilia maanani kwa sababu kila adui mwingine anataka upanga. Ukiurudisha, kivuli nacho kinarudisha chake. Mnakwenda mkakutana, mnakuwa mtu mmoja, na njia inafunguka.

Mechner aliliweka swali zito kabisa la gemu yake, wewe na sehemu yako unayoikimbia mtafanyana nini, ndani ya kitufe. Kompyuta ya Apple II ilitosha. Na Deadlight, mjukuu wa gemu hiyo, ina adui inayemwita Kivuli, ina mtu anayekimbia kumbukumbu yake mwenyewe, ina mwili uliochongwa kwa ustadi ule ule, na haikutumia urithi wake. Nilipoliona hilo nililala usiku sana. Vitu vyote vilikuwa vipo mezani.

Fikiria kama wakati mmoja tu, mahali pamoja, ningeweza kuliteremsha shoka mbele ya Kivuli. Sisemi gemu ingeniruhusu kupona. Ninachotaka ni kitufe kiwepo.

Mwisho wa pili

Wanaoijua gemu vizuri watanijibu kwamba upo mwisho mwingine. Kweli upo. Ukishaimaliza, inafunguka hali inayoitwa Nightmare: unacheza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuhifadhi, ukitoka umepoteza, na ukivuka unaonyeshwa mwisho tofauti na ule wa kawaida.

Nimelifikiria sana hili, kwa sababu lilinipa matumaini. Lakini mwisho ule unaupata kwa kuhimili. Unafanya yale yale uliyoyafanya, kwa umakini zaidi na bila kukosea, na zawadi yake ni hadithi nyingine. Mchezaji mwenye vidole vyepesi anaonyeshwa. Mwenye moyo mzito haonyeshwi. Hakuna mahali ambapo Randall wa hali ya Nightmare anaongozwa na mimi kuamua tofauti na yule wa kawaida. Wamefungua mlango wa pili ukutani na ufunguo wake wakaupa ustadi.

Mtoto wa kaka yangu ana vidole vyepesi kunizidi. Bado hajaitaka Nightmare. Nilipomwambia ipo, aliuliza kama kwenye hiyo wanauliza. Nikasema hawaulizi. Akaenda kucheza mpira.

Kama utaicheza

Icheze. Nasema hivyo bila kusita. Si gemu ndefu, saa chache tu na umemaliza, na ni gemu ya watu wazima au vijana waliokaribia utu uzima: damu imo, na ule mwisho umo. Usimwachie mtoto mdogo peke yake. Ukiwa na PS4 au kompyuta, tafuta Director's Cut ikiwa imeshushwa bei. Ule uwanja wa kupambana na mawimbi ya Vivuli walioongeza humo unaweza kuuruka. Unamlazimisha Randall kuwa mpiganaji, na sio.

Zima sauti za mazungumzo ukishazoea, acha maandishi na muziki. Cheza usiku, taa zikiwa zimezimwa, maana picha nyeusi kwenye skrini inayopigwa na mwanga wa dirishani hazionekani kabisa. Kurasa za shajara ziokote ukizikuta, usizitafute. Kwenye mitaro vumilia kwa ajili ya yule mzee. Kwenye helikopta usijilaumu.

Na kule mwanzo, kabla ya mitaro, nenda taratibu kuliko gemu inavyokusukuma. Simama kila chumba, angalia ukuta wa nyuma. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi na nitairudia tena. Ya mwisho nimeshaimaliza.